Msikiti wa Ugenini ni wa Nani?

Twapenda kuwakumbusha ndugu zetu jambo ambalo wengi wetu huliona safarini kisha wakalipita.

Mtume wetu alipohama Makka mwaka 622, alishukia kwanza Quba, kiungani mwa Madina, na hapo ukajengwa msikiti. Waliosali ndani yake walikuwa wageni pamoja na wenyeji waliowapokea. Lau wahamiaji wale wangalijitenga, wakasali kwa kabila na kula kwa kabila, dini hii isingalifika kwetu.

Sasa na tutazame Ukambani. Watu wa pwani walifika Kitui zamani kwa misafara ya pembe, na Wakamba nao wakiteremsha pembe zao Mombasa. Kisha ikaja reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikaleta Wahindi wa Punjabi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Hata kituo cha Sultan Hamud chachukua jina la Sayyid Hamoud wa Unguja. Baadaye wakaja Wasomali na wenye maduka wengine. Walipotua wakajenga misikiti, nalo ni jambo jema sana. Mtu wa ugenini akisikia adhana moyo humtulia. Msikitini ndipo apatapo khabari za kwao, ndipo aozwapo, na akifa ndipo asaliwapo na watu wamjuao.

Walakini msikiti si mali ya waliotangulia kufika. Siku moja tuliingia katika msikiti mmoja wa njia hiyo (hatuutaji), pamoja nasi kijana Mkamba aliyesilimu karibuni. Kabla ya kujibiwa salamu aliulizwa, "Wewe ni wa nani?" Akalitaja jina la babake. Akaonyeshwa nyuma, karibu na viatu. Darsa ikasomwa kwa Kiarabu, ikafasiriwa kwa lugha ya wenye maduka, yeye asiambulie neno. Tulipotoka akatuuliza, "Sheikh, hii ni dini au ni ukoo?" Twakiri kuwa hatukuwa na jibu. Katika sheria hapana safu ya watu wa pwani na safu ya wenyeji. Awahiye ndiye akaaye mbele.

Na lililotutia haya zaidi liko Makindu, katika Makueni. Pana hekalu la Masingasinga hapo, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli. Msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula bila ya malipo na mahali pa kulala. Itikadi yao si yetu, wala hilo halina mjadala. Lakini ukarimu ule ndio tuusifuo sisi kila Ijumaa juu ya mimbari! Na wenzetu wengine, katika njia hiyo hiyo, husimama Mackinnon Road kwenye kaburi la Sayyid Baghali, mtu wa reli, wakataka salama ya safari kwa maiti. (Aombwaye ni Mungu peke yake, tumelisema hili mara nyingi na tutalisema tena.) Sadaka iachwayo kaburini ingalimfaa zaidi msafiri mwenye njaa.

Watasema, tukimfungulia kila mtu, msikiti utavunjiwa heshima. Ujumbe wa Thaqif wa Taif ulifika Madina mwaka wa 9 wa Hijra wakiwa washirikina bado, na Mtume akawapigia hema msikitini mwake, wapate kusikia Qur'ani na kuwaona watu wakisali. Je, Mkamba anayetaka kujua Uislamu atauonea wapi, ikiwa hupita nje ya ukuta tu?

Basi mwenye jamaa au biashara Kitui, Mwingi, Wote, Kibwezi au Mtito Andei, kabla ya kupeleka zulia jipya, na aulize kama pana mwalimu ajuaye Kikamba, na kama pana chumba cha msafiri. Vijana wa Kikamba waliosoma chuoni huku pwani wako, twawajua. Wanachokosa ni nauli na posho ya miezi michache ya mwanzo.