Mgeni Akiulizwa Amelalaje

Ndugu wasomaji, neno ninalotaka kuwaandikia mwezi huu ni dogo kwa kulitazama, tena lilitokea katika safari ya mapumziko, wala si katika safari ya kazi. Lakini limenisumbua tangu mwaka jana, nami nimeona ni vema niliweke mbele yenu, hasa ninyi walimu, ambao huulizwa na watu mambo ya namna hii na kutakiwa mjibu papo hapo.

Mimi na mke wangu tulitimiza miaka 25 ya ndoa. Watoto wetu wakachanga fedha, wakasema, "Baba na mama, shukeni ziwani mkapumzike siku tatu." Sisi tukaao Tukuyu twajua mvua na ukungu na utelezi wa njia, na Ziwa Nyasa liko chini yetu kadiri ya mita 1,000, penye joto, mchanga na miembe. Basi tukashuka kwa furaha, tukafika katika nyumba moja ya wageni iliyo ufukoni, upande wa kaskazini wa ziwa. Jina la nyumba sitalitaja, wala la kijiji chake.

Kwa nje palikuwa pazuri mno. Milima ya Livingstone ilisimama upande wa mashariki, imeingiza miguu yake majini, na mawimbi yalifika karibu na mlango. Lakini mlango wenyewe ulikuwa umevimba kwa unyevu, na bawaba yake moja imeliwa na kutu, hata ukafungwa kwa kamba. Bomba la maji lilitoa sauti ya upepo, maji halikutoa. Chandarua kilikuwa na matundu, na tundu lililo kubwa kupita yote mtu alilifunga fundo kwa mfuko wa plastiki. Godoro lilikuwa na shimo katikati, nasi usiku kucha tuliteremkiana kama viazi katika gunia. Kisha wakaja wale wadudu waitwao kungu, wapandao kutoka ziwani kama moshi wa shamba linaloungua; wakaingia kwa dirisha lisilo na wavu, wakajaa katika taa na katika chai. Hao sikuwahesabu kuwa kosa la mwenye nyumba, maana hakuwaumba yeye. Lakini wavu wa dirisha ni kazi ya mtu. Na mbele ya mlango palikuwa na ngazi ya saruji. Kipandio chake cha pili kilikuwa kimevunjika, na chuma kimetokeza. Nilikiona siku ile ya kwanza, nikamshika mke wangu mkono asianguke.

Mtunzaji wa nyumba alikuwa mzee mmoja, mpole, mwenye koti lililotiwa viraka. Kila asubuhi alituletea ndoo mbili za maji aliyoteka mwenyewe, akaziweka chini, akavua kofia yake akasema, "Mugonile?" Nami nikajibu, "Ndaga, baba." Siku ya tatu akaleta daftari la wageni. Nikafunua kurasa za nyuma, nikaona wote wameandika mema matupu: pazuri sana, tumeburudika, tutarudi. Nami nikaandika, "Tumekaa vizuri, tumefurahi sana." Njiani mke wangu akaniambia, "Baba, umeandika uongo." Nikamwambia, "Nimeandika adabu." Hakunijibu, na hapo nilidhani nimeshinda.

Baada ya majuma machache mwenzangu mmoja wa kwaya aliniuliza habari za pale, maana alikuwa na mama yake aliyetoka hospitali, akataka kumpeleka penye joto. Nilimwambia, "Ni pahali pema, nenda." Walikwenda. Jioni ya kwanza yule mama alishuka kwenda kuliona ziwa, mguu ukaingia katika kile kipandio, akaanguka, mkono ukavunjika kifundoni. Mwenzangu aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwalimu, ngazi ile hukuiona?"

Basi tangu siku ile najiuliza: Nilitenda kosa wapi? Maana sikudhuru kwa nia, na kila neno nililolinena ni neno ambalo watu wema hulinena kila siku.

Tuanze na salamu, kwa sababu hapo watu wengi huchanganya mambo. "Mugonile" maana yake ni kuuliza kama mmelala, lakini kila Mnyakyusa ajua ya kuwa si hesabu ya usingizi inayotakiwa. Kiswahili nacho husema "Hujambo?" na mgonjwa aliye kitandani hujibu "Sijambo," kisha huongeza, "ila kichwa chaniuma, na mgongo, na usiku sikulala." Hakuna amwitaye mwongo. Neno la kwanza limefungua mlango, na habari imeingia nyuma yake. Kwa hiyo sioni kosa katika kumjibu yule mzee "Ndaga." Lakini yule mgonjwa ana "ila" yake, na mimi sikuwa nayo. Nilijibu salamu siku tatu, na lile neno la pili sikulisema hata siku moja.

Labda mtu atasema: Hiyo ndiyo heshima ya mgeni. Katika nchi hii mgeni halaumu nyumba aliyolala. Akipewa ugali na chumvi hushukuru kana kwamba amechinjiwa. Ni kweli, tena ni desturi njema. Monica na Godfrey Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliona jinsi watu wa huku wanavyoithamini ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula na kuzungumza na wenzao. Hata kile kitabu cha Monica kilichopigwa chapa mwaka 1951 kilipata jina lake katika neno hilo. Lakini angalieni: ukwangala ni ya watu wanaotazamana uso kwa uso, na wanaojua kiasi cha mali ya mwenzao. Anipaye chumvi kwa kuwa hana nyama amenipa vyote alivyo navyo, na kumlaumu ni ukatili. Yule mwenye nyumba ya ufukoni hakunipa kitu. Aliniuzia usiku tatu, nami nilimlipa fedha kamili kabla ya kuoneshwa chumba. Mwenye duka apimaye sukari pungufu twamwita mwizi, wala hatusemi kwamba ni adabu kunyamaza. Na auzaye usiku bila chandarua kizima amepunguza kipimo vilevile.

Wala asiseme mtu kwamba uchakavu ni desturi yetu, tuuvumilie. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alistaajabu katika kitabu chake cha mwaka 1881 jinsi vijiji vya huku vilivyofagiliwa, migomba ikisimama kwa mpango na nyumba zikipendeza. Watu wale hawakuwa na saruji wala bati. Walikuwa na ufagio, na walikumbuka kuutumia kila siku.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nisiseme, kwa maana sikunyamaza kwa sababu ya desturi peke yake. Nilimwonea huruma yule mzee. Niliwaza: Nikiandika ukweli katika daftari, mwenye nyumba akaao mjini atausoma, na atakayelipa ni huyu mwenye koti la viraka. Tena nilikumbuka maelezo ya Luther juu ya amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tuliyofundishwa tangu utoto, kwamba jirani tumtetee, tumnenee mema, na mambo yake tuyaeleze kwa upande ulio mwema. Nikajiona kwamba naitimiza amri.

Lakini amri ile yakataza ushuhuda wa uongo, na maelezo yake yamekuja kuulinda ukweli usitumiwe kama fimbo, hayakuja kuuondoa. Kulieleza jambo kwa upande mwema ni kusema, "Ngazi imevunjika, labda mwenyewe hajapata habari." Mimi nilisema ngazi ni nzima. Zaidi ya hayo, jirani yangu siku ile alikuwa nani? Nilimhesabu mzee peke yake, kwa sababu nilimwona. Yule mama sikumhesabu, kwa sababu alikuwa bado kitandani hospitalini, nami simjui. Daftari la wageni huandikwa kwa ajili ya watu wasioonekana, nao hawajui ya kuwa maneno yake ni maneno ya kuaga tu. Neno lile lile lililo salamu mdomoni, likiandikwa hugeuka kuwa ushuhuda. Na nilipoulizwa na mwenzangu wa kwaya, hapo hapakuwa na salamu kabisa. Aliuliza kwa kutaka kujua, nami nilijibu kwa uvivu wa kueleza.

Wataalamu wa kale walilishindania jambo hili sana. Augustino, kwenye mwaka 395 hivi, aliandika kitabu kizima juu ya uongo, akaupanga katika namna nane, na hata ule wa mwisho, usiomdhuru mtu na unaomfaa mwingine, hakukubali kwamba ni halali. Immanuel Kant wa Königsberg aliandika mwaka 1797 ya kwamba hata muuaji akija mlangoni kumwuliza mtu habari za rafiki yake aliyejificha ndani, haimpasi mtu huyo kusema uongo. Nakiri kwamba Kant hunishinda hapo. Mimi ningalimdanganya muuaji na kulala usingizi. Lakini hoja yake moja imenishika: kwamba asemaye uongo kwa wema huchukua juu yake matokeo yote, hata yale asiyoweza kuyaona mbele. Nilipokuwa nikiandika mistari ile miwili sikuuona mkono wa mtu.

Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wa ziwa letu, hutufundisha njia nyingine. Mnunuzi huchukua chungu, hukigonga kwa kidole, husikiliza. Kikilia vibaya hukirudisha, husema kina ufa, na mwuzaji hamwoni kuwa ni adui. Sijui kwa nini twagonga chungu cha shilingi chache mbele ya mwenyewe, lakini nyumba yenye kutugharimu akiba ya watoto hatuthubutu kuigonga. Labda ni kwa sababu chungu hakivui kofia kutuamkia.

Basi nilifanya nini? Niliketi nikamwandikia mwenye nyumba barua, nikampelekea yeye peke yake, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kumwonya mtu. Nikataja mlango, bomba, chandarua na ngazi, nikamweleza habari za yule mama. Niliona kwamba hivyo nimetengeneza kosa langu. Baada ya miezi miwili jibu likaja, fupi, lenye adabu: ngazi imetengenezwa, na mtunzaji mzembe ameondolewa, mtu mwingine amewekwa.

Siku nyingi sikumwonyesha mke wangu barua ile.

Mwezi uliopita nilimkuta yule mzee sokoni Tukuyu, akimsaidia mjukuu wake kuuza mchele. Alinitambua, akavua kofia. Ningeweza kununua kilo mbili nikapita. Nilimwambia, "Baba, mimi ndiye niliyeandika." Alinyamaza kidogo, akamwambia mjukuu wake apime mchele wa mteja aliyesimama, kisha akasema, "Mwalimu, saruji niliiomba mara tatu, na nakala za barua ninazo nyumbani. Ungaliniambia mimi kwanza ningalikuonyesha. Ungaliziandika pamoja na zako." Hakusema kwa ukali.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona lile nililokuwa silioni. Nilipomwonea huruma nilinyamaza, na nilipoacha kunyamaza nilipita juu ya kichwa chake. Mara zote mbili sikumwuliza neno. Nilimfanya kuwa mtu wa kuhifadhiwa, kumbe alikuwa shahidi mwenye habari kuliko mimi. Kama ile asubuhi ya kwanza, baada ya "Ndaga," ningaliongeza, "ila baba, ngazi hii itamvunja mtu," yeye angalijibu, nasi tungaliandika wawili.

Nilimwomba zile nakala. Akanipa siku ya pili, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kitabu cha nyimbo, na tarehe zake zote zatangulia safari yetu. Nimezitia pamoja na barua ya pili kwa mwenye nyumba, nikaeleza ya kwamba uzembe haukuwa wa mtunzaji, na kwamba neno langu la kwanza lilikuwa pungufu. Mke wangu ameisoma kabla haijafungwa, akasahihisha mahali pawili. Jibu halijafika.