Theluthi ya Marehemu

Mtu akiwa hai, mali ni yake. Akifa, mali ina wenyewe. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo watu wa mwambao wameishi nayo karne nyingi, imemwekea marehemu mpaka ulio wazi: haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi moja ya alichokiacha. Theluthi mbili ni haki ya warithi, na wasia uvukao mpaka huo haupiti ila wao wenyewe waridhie. Neno la marehemu husikilizwa, lakini halitawali nyumba nzima.

Je, katiba nayo si wasia? Walioiandika huondoka mmoja mmoja, na wasioulizwa huzaliwa wakakuta mambo yamekwisha kukatwa. Suala hili si geni. Mwaka 1789 Thomas Jefferson, akiwa Paris, alimwandikia rafiki yake James Madison kwamba dunia ni ya walio hai, hivyo kila katiba yafaa ikome baada ya miaka 19. Madison alimjibu mwaka uliofuata kwamba marehemu hawaachi mizigo tu. Huacha pia mema waliyoyatokea jasho, na mwenye kuyafaidi mema hayo ana deni juu yake.

Baina ya rai hizo mbili ndipo penye mlango wa marekebisho: katiba isife kwa kila kizazi, wala isiwe jiwe. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 80, inataka mswada wa kuibadilisha uungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi. Si theluthi mbili ya waliohudhuria. Asiyekuja ni sawa na aliyekataa.

Kwa nini nusu na mmoja haitoshi? Atazamwe mcheza bao. Hutumia kila hila kuzila kete za mwenziwe, wala halaumiwi; lakini hana haki ya kuzidisha mashimo ya upande wake mchezo ukiwa katikati. Sheria ya kawaida ni mchezo wenyewe, na mwenye wingi hucheza zamu yake. Katiba ni ubao. Anayetaka kuuchonga upya sharti amwombe hata yule anayemshinda.

Hapo ndipo ilipo siri ya theluthi mbili: humlazimisha mwenye nguvu kumwendea asiye na nguvu. Mwaka 2010 Wazanzibari waliliona jambo hilo kwa macho. Baada ya maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, tarehe 31 Julai 2010, kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali. Mwezi uliofuata Baraza likapitisha Marekebisho ya Kumi, ambayo, pamoja na mengine, yaliongeza kifungu cha 80A: vifungu kadhaa vya msingi visiguswe tena bila ya wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni.

Hata hivyo, kufuli haimlindi mwenye nyumba ikiwa wakaazi hawasemezani. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na chama kikuu cha upinzani, na Baraza likakaa karibu upande mmoja. Katika Baraza la namna hiyo theluthi mbili si mlango tena, ni pazia. Nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, iliyozaliwa na maridhiano, ilikaa tupu hadi Disemba 2020. Maandishi hayakufutwa, kilichokosekana ni ile ridhaa iliyoyazaa.

Hapana budi, basi, kutofautisha idadi na ridhaa. Idadi ni kipimo, ridhaa ndiyo kinachopimwa. Anayejaza kipimo kwa kumfungia nje mwenziwe ametimiza herufi ya katiba, lakini hakuitimiza ahadi.

Na ahadi hiyo haiwezi kutolewa mara moja ikatosha milele. Wanavyuoni wa Kishafii hawaihesabu ridhaa ya mrithi iliyotolewa kabla ya mwenye mali kufa, kwa kuwa mtu hawezi kuiachilia haki ambayo bado haijawa yake. Kijana aliyezaliwa baada ya 1984, au baada ya 2010, yumo katika hukumu hiyo. Hakuna aliyeweza kuridhia kwa niaba yake. Anapofika zamu yake, anastahiki kuukuta ubao haukuchongwa kwa siri, na mlango una kufuli, na ufunguo wake unashikwa kwa mikono mingi, mmojawapo ukiwa ni wake.