Kisima Kisifukiwe



Sisi wa Ujiji huamka kila siku tukaliona Ziwa Tanganyika mbele yetu, na akaaye penye maji mengi husahau upesi kiu ya mwenzake. Lakini katika mkoa wetu huu huu, kwenye bonde la Malagarasi, wakati wa kiangazi wafugaji huswaga ng'ombe wao kutafuta maji, na njia ya maji hupita kando ya mashamba. Ng'ombe wakila mihogo ya mkulima, au mkulima akiziba njia ya mtoni, fimbo na mapanga huinuliwa. Na pengine wanaopigana wamebatizwa kwa ubatizo mmoja.

Ugomvi huu si mpya. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, chasimulia habari za Isaka, mwenye mifugo mingi katika nchi kame ya Gerari. Wafilisti walimwonea kijicho, wakavifukia kwa udongo visima vya baba yake. Watumishi wake wakachimba bondeni, wachungaji wa Gerari wakayadai maji; wakachimba kisima cha pili, wakagombana tena. Isaka hakushika silaha. Akaenda mbele, akachimba cha tatu, akakiita Rehoboti, maana yake nafasi. Baadaye mfalme Abimeleki, aliyemfukuza, alimjia kutaka amani, wakala pamoja.

Tuangalie ubaya wa kufukia kisima: aliyekifukia hakupata hata tone. Alikubali kukosa, mradi jirani naye akose. Ndivyo ulivyo wivu.

Mtu atasema: Isaka alikuwa na mahali pa kuhamia, leo nchi imejaa. Ni kweli. Basi Rehoboti yetu haitapatikana kwa kuhama, bali kwa kupatana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Na wakae pamoja, mkulima na mfugaji, wakubaliane njia ya mifugo, mahali pa kunyweshea palipo mbali na chemchemi ya watu, na malambo ya kuchimbwa kwa nguvu za wote. Mfugaji alipe mazao yaliyoliwa bila kungoja kushitakiwa. Mkulima asilime juu ya njia ya ng'ombe.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ni haki ya kila mwanadamu. Naye Bwana wetu Yesu Kristu ameahidi thawabu kwa kikombe kimoja tu cha maji alichopewa mdogo. Basi aliyeziba njia ya mtoni, na aliyeichafua chemchemi ya wenzake, watajibu nini siku ya hukumu?