Barzilai Mgileadi na Makao ya Uzeeni

Somo: 2 Samweli 19:31–39



Kila mwaka huondoka Katubuka watu ambao tulikwisha kuwahesabu kuwa wenyeji. Siku ya Jumapili huitwa mbele ya madhabahu, mume na mke, nasi twawaombea. Kisha hupewa barua ya usharika, na juma lile lile mizigo yao hufungwa. Sababu ni moja. Mume, au mke, au wote wawili, wametimiza miaka 60, wamestaafu kazi, nao warudi kwao. Na kwao ni mbali: Machame, Singida, Bukoba, Njombe. Maana Walutheri wengi wa mji huu wa Kigoma si wazaliwa wa pwani ya ziwa; waliletwa na reli, na bandari, na shule, na ofisi za serikali. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo tangu siku zile haijaacha kutuletea wageni na kuwachukua tena.

Tukimwuliza ndugu miaka mitano kabla ya siku yake, "Ukistaafu utakaa wapi?" hujibu upesi, "Nyumbani." Tukimwuliza mara ya pili, "Nyumbani ndiko wapi?" hukaa kimya kidogo.

Mwezi uliopita tuliitwa kwa mzee mmoja wa Katubuka, ambaye jina lake hatulitaji, kwa kuwa shauri lenyewe halijaisha. Alifanya kazi ya reli miaka 33. Kwao ni Kilimanjaro, na huko ana kihamba cha babaye, chenye migomba, kahawa na makaburi. Mkewe alizaliwa Kasulu. Watoto wao walilelewa hapa wote, na mmoja wao amezikwa hapa. Mzee alitaka tumwombee safari. Mkewe alitia chai, akaketi, wala hakusema neno, hata tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni, ndipo aliposema, "Baba mchungaji, mimi nitakwenda. Lakini ni nani aliyeniuliza?"

Twaungama ya kwamba hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukaifungua Biblia, na usiku ule tukasoma tena habari za Barzilai.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Daudi alipomkimbia Absalomu mwanawe, alifika Mahanaimu akiwa na watu wenye njaa na kiu na uchovu. Barzilai alikuwa mmoja wa wale waliomletea vitanda, na vyombo, na ngano, na unga, na maharage, na dengu, na asali. Vita vilipokwisha, mfalme akawa arudi Yerusalemu kwa heshima, naye Barzilai akashuka kutoka Rogelimu amsindikize hata mto Yordani. Hapo mfalme akamwambia wavuke pamoja, naye atamtunza katika mji wa kifalme siku zake zote. Ndugu, nani kati yetu amewahi kupewa pensheni ya namna hiyo? Lakini mzee akakataa. Akasema ya kwamba ana miaka 80. Ya kwamba ulimi wake hauonji tena utamu wa chakula, wala masikio yake hayafurahii sauti za waimbaji. Kwa nini awe mzigo kwa bwana wake? Atavuka mto mwendo mdogo tu, kisha na arudi afe katika mji wake, karibu na kaburi la babaye na mamaye. Na Kimhamu, yule kijana, ndiye aende badala yake. Mfalme akambusu, akambariki, naye akarudi mahali pake.

Wengi wakisoma hapa huona neno la kaburi, wakasema, "Tazama, hata Maandiko yatuagiza kurudi kwetu." Sisi twaona jambo jingine lililotangulia. Kabla ya kutaja kaburi, Barzilai aliuhesabu mwili wake mwenyewe. Alitaja umri wake bila kupunguza. Alitaja ulimi uliokufa ganzi na masikio mazito, mbele ya mfalme na jeshi lake lote, wala hakuona haya. Na kutoka katika hesabu ile ya kweli ndipo alipochagua mahali. Sisi huenda kinyume. Huchagua mahali kwanza, kwa sababu ya fahari, au kwa kuogopa maneno ya watu wa kwetu, kisha mwili twaulazimisha ufuate.

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu, aliyezoea kwenda hospitali ya mkoa ya Maweni, aenda kukaa mahali ambapo zahanati ni mwendo wa nusu siku, naye amekwisha kuvunja kikao alichokuwa nacho. Kwa nini? Kwa kuwa watu wa kwao wangesema amepotea, amekuwa mtu wa ziwani. Neno hilo "amepotea" limewaua wazee wengi kuliko malaria; twasema hivi bila kupima, lakini tumezika watu.

Hata habari za kaburi Maandiko hayasemi jambo moja tu. Yakobo alipokuwa mzee aliiacha nchi ya Kanaani, akashuka Misri kwa kuwa ndiko alikokuwa Yusufu mwanawe na ndiko kulikokuwa na chakula. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 130, akakaa Misri miaka 17 tena, katikati ya wajukuu. Kisha akawaapisha wanawe wamzike Makpela pamoja na baba zake, nao wakamchukua wakamzika huko. Basi makao ni shauri moja, na kaburi ni shauri la pili. Barzilai aliyaweka pamoja, Yakobo aliyatenga, wala Mungu hakumkemea hata mmoja. Mzee anayeshurutishwa kuishi miaka 20 mahali asipopaweza, kwa ajili ya siku moja ya maziko, ameshurutishwa na desturi. Neno la Mungu halikumshurutisha.

Nasi tukaao hapa tunao ukumbusho wa jambo hili karibu sana. Mwaka 1871 pale Ujiji, Stanley alimkuta Livingstone akiwa na miaka 58, mgonjwa na mtu wa dhiki, akamsihi arudi kwao. Alikataa. Mwaka 1873 alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakauchukua mwili wake hata pwani, na mwaka 1874 ukazikwa London. Watu husifu uvumilivu wake, nasi hatuukatai. Lakini mkewe alikuwa amekufa tangu 1862, na watoto wake walikuwa mbali wakingoja barua. Haikuwapo nyumba ambayo angeweza kuiita yake, pale Ujiji wala kwao. Twasoma habari hiyo kwa heshima, lakini hatumwombi mstaafu wa Katubuka aifuate.

Sasa turudi kwa swali la yule mama, maana ndilo lililotukosesha usingizi.

Mume arudipo kwao, arudi kwa ndugu zake, kwa lugha yake, kwa shamba alilolijua utotoni. Mke aliyetoka nchi nyingine haendi nyumbani. Aenda ugenini uzeeni. Maadamu mume yu hai, yote huenda vema. Lakini wake wengi huishi kuliko waume zao. Siku ya arobaini ikiisha, shemeji zake huanza kuuliza habari za shamba, na mjane ajikuta hana mtu wa lugha yake, wala jirani aliyemjua akiwa msichana, wala kwaya aliyoimba nayo. Watoto wako Kigoma na Dar es Salaam. Mambo hayo tumeyaona, tena katika nyumba za Wakristo wenye vyeti vya ndoa ukutani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya wanandoa isiuzwe wala kuwekwa rehani pasipo mwenzi kukubali. Ni sheria njema, nasi twawaomba wainjilisti waifundishe. Lakini mume aweza kuishika sheria yote, asiuze hata bati moja, na bado akamhamisha mkewe kama mtu ahamishavyo sanduku. Imeandikwa ya kwamba mtu atamwacha babaye na mamaye na kuambatana na mkewe. Neno hilo twalisoma siku ya arusi. Hatujapata kumsikia mtu akilisoma siku ya kustaafu.

Na habari za fedha hatuwezi kuzipita, ijapokuwa si kazi ya gazeti hili kuhesabu mafao ya watu. Tangu Julai 2022 fedha za mkupuo zilikuwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ilitangaza asilimia 40 kwa watumishi wa umma waliokuwa wakipata nusu zamani. Iliyobaki huja kila mwezi. Ndugu wengi wamenung'unika juu ya kikokotoo hicho, na manung'uniko yao yana haki yake. Walakini tumeona pia jinsi mkupuo unavyokwisha. Mmoja hununua mtumbwi, mashine na nyavu, naye maisha yake yote alikuwa mwalimu wa hesabu. Kisha ikawa kama mwaka 2024, ziwa likafungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hata Agosti 15 kwa mapatano ya nchi nne zilizozunguka Tanganyika, ili dagaa na migebuka wapate kuzaana. Wavuvi wa kale walikuwa na akiba ya maarifa, wakakausha nyavu, wakalima mihogo. Mwalimu alikuwa na deni tu. Mwingine hujenga nyumba bondeni kwa kuwa kiwanja ni rahisi. Wakaao kando ya bwawa la Katubuka, na wale wa ufukoni Kibirizi, wameona katika miaka hii ya karibuni maji yakiingia hata vyumbani. Bwana wetu alisema habari za nyumba mbili na misingi yake; sisi hapa hatuhitaji kuelezwa mfano huo.

Mwenye shamba Kasulu au Manyovu akapanda michikichi na maharage kabla ya kustaafu, miaka minne au mitano, huyo twamsifu. Mchikichi haumwoni mtu haya kwa kuwa ni mzee, lakini nao hautazaa kwa haraka yake.

Je, mzee akaapo, afanye nini? Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Mungu aliweka sheria ya kustaafu kwa Walawi, nayo twaisahau. Mlawi aliingia katika kazi ya hema akiwa na miaka 25. Akitimiza miaka 50 aliachishwa kazi nzito. Asibebe tena mbao na mapazia. Lakini hakuondolewa hemani. Alikaa na ndugu zake, akilinda pamoja nao. Si kweli kwamba mzee hana kazi, wala si kweli kwamba yampasa kuendelea na kazi ile ile mpaka aanguke. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima. Na katika miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa Warundi, hata alipofariki mwaka 1999. Sisi wa Kigoma, tuliowapokea wakimbizi wa Burundi, twajua thamani ya ulinzi ule wa mzee.

Basi tuwaulize wazee wa usharika: je, mstaafu akibaki Katubuka, tumemwekea mahali pa kulinda? Au twamwita siku ya harambee tu? Kama hatuna kazi ya kumpa, wala hatumtembelei akiugua, kwa haki gani twahuzunika akifunga mizigo yake?

Juma lililopita tulirudi kwa yule mzee wa reli, tukamsomea habari zote, tangu Mahanaimu hata Yordani. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Tuliposoma juu ya ulimi na masikio, alicheka kidogo akagusa sikio lake la kushoto, ambalo kelele za karakana zililiharibu zamani. Kisha akauliza, "Huyu Barzilai alikuwa na mke?" Tukamjibu ya kwamba Kitabu hakisemi. Mama akasema kutoka jikoni, "Alikuwa naye. Yale maharage na dengu yalipimwa na nani?"

Wakaongea wenyewe kwa muda mrefu, nasi tukanyamaza. Wameazimu kwenda pamoja mwezi wa sita, wakae mlimani miezi mitatu, katika baridi ile ya kweli na si katika siku za Krismasi ambapo kila mtu hupendeza. Nyumba ya hapa ataishika binti yao. Mzee atakwenda kumwona daktari wa huko, ajue ni mwendo gani kutoka kihambani. Mama atahudhuria ibada kwa lugha asiyoijua, aone kama moyo wake wapata mahali. Wakirudi watatuambia, wote wawili, kila mtu kwa kinywa chake.

Watapanda gari la moshi hata Dodoma, kisha basi. Barua ya usharika hatujaiandika.