Chini Ataona Nani?

Dar es Salaam imeingiwa na mapenzi ya sakafu ya lamineti. Saruji iliyopigwa niru na kung'arishwa kwa rangi nyekundu imeonekana ya kizamani, vigae vimezoeleka, sasa kila anayehamia kwake anataka mbao. Mbao zenyewe ni nyuzi za miti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi na joto, juu yake ikabandikwa karatasi yenye picha ya mti, kisha ikafunikwa kwa utando mgumu. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyobuni sakafu hii mwaka 1977. Sina ugomvi nayo. Inapendeza, bei yake ni nafuu kuliko mninga, na fundi mwepesi humaliza sebule kwa siku moja.

Ugomvi wangu uko chini yake.

Sakafu ya dada yangu ilianza kulia miezi michache baada ya kuwekwa, hapo kati ya sofa na mlango wa jikoni. Kwi. Wenye nyumba hawakuchukua muda kuzoea. Watoto waliruka, dada wa kazi akibeba sinia alipitia pembeni, shemeji akirudi usiku alinyata ukutani, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ungewauliza wangekwambia sakafu haina neno. Mgeni ndiye aliyekanyaga katikati kabisa, akasimama na mguu juu: "Jamani, nimevunja kitu?"

Mbao hazikuwa na kosa. Zege la chini lilikuwa na bonde. Watengenezaji wengi huvumilia tofauti ya milimita 3 hivi katika urefu wa mita 2, zaidi ya hapo ni matatizo. Sakafu nzima inaweza kuinama kidogo kuelekea mlangoni na isidhuru. Bonde ndilo baya, kwa sababu ubao uliopita juu yake hauna pa kuegemea. Ukiukanyaga unabonyea, ulimi wake unasuguana na mfereji wa ubao wa jirani, na hapo ndipo unapotoka mlio. Ulimi ukichoka unakatika, mwanya unafunguka, maji ya kudeki yanaingia, kingo zinavimba. Ubao uliokwisha kuvimba haurudi ulivyokuwa.

Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema poda ya watoto kwenye maungio, na kweli ilinyamaza kwa muda. Mwingine alisema iongezwe sponji ya pili chini ya ile ya kwanza iliyotandikwa kati ya mbao na zege, jambo ambalo lingezidisha kubonyea. Wa tatu alishauri zulia. Zulia likanunuliwa, zuri sana.

Hatimaye aliitwa fundi mwingine, mtu mzima, mzito wa maneno. Alianza kung'oa skatingi upande wa dirishani, mbali na penye mlio, maana mbao hizi zimefungana na huwezi kuchomoa ya katikati bila kuanzia ya ukutani. Kila ubao aliuandika namba kwa nyuma. Akakunja sponji, akalaza rula ndefu ya aluminiamu juu ya zege, akapiga magoti na kuwasha tochi ya simu nyuma yake. Mwanga ukapenya chini ya rula, mwembamba pembeni, mpana katikati. Akachora mpaka wa bonde kwa chaki. Akasogeza rula, akachora la pili, ambalo lilikuwa bado halijaanza kulia.

Saruji ya kawaida hakuitaka. Ikipakwa nyembamba kiasi hicho hupasuka na kubaki chenga zinazosagika chini ya mbao. Alifagia vumbi, akapaka dawa ya kushikisha, akamwaga saruji maalumu inayojitandaza yenyewe kama uji, kingo akazikokota kwa mwiko mpaka zikapotelea kwenye zege. Ikaachwa ikauke hadi kesho yake. Wakati wa kurudisha mbao aliacha nafasi ya milimita 10 hivi kandokando ya kuta, kwa sababu masika ya Dar yakiingia mbao hunywa unyevu na kutanuka, na zikikosa pa kwenda huinuka katikati. Skatingi huifunika nafasi hiyo. Kufunika kwa namna hiyo sikukatai.

Nilimuuliza kwa nini mwenzake wa kwanza hakupima. Akasema bila kumlaumu: "Sisi tunalipwa kwa mita ya mraba." Baadaye dada akanisimulia kilichobaki. Fundi wa kwanza aliomba siku moja ya kusawazisha, na shemeji, katika kupatana bei, akaiondoa siku hiyo. "Chini ataona nani, fundi?"

Basi tusiwaseme mafundi peke yao. Tunalipia kinachoonekana, tunaomba punguzo kwa kisichoonekana, halafu tunashangaa wakitupa tulichonunua. Na mazoea haya hayaishii sebuleni. Katika ukoo wetu kuna kiwanja Kigamboni ambacho hati yake ina jina la mtu mmoja na fedha zake zilitoka kwa wawili. Kikao kilishakaa, wazee wakasema funika kombe mwanaharamu apite, pilau likaliwa. Tangu hapo tunakutana misibani na harusini, tunasalimiana vizuri, na kila mmoja anajua pa kupitia. Juzi mke wa mpwa wangu, mgeni kwetu, aliuliza mezani kwa nia njema kabisa: "Hivi kile kiwanja cha Kigamboni ni cha nani?" Vijiko vilisimama. Baba mkubwa akaomba apitishiwe maji.

Binti wa watu alilaumiwa pembeni kwamba hana adabu. Mimi naona alionewa. Bonde tulilichimba sisi, yeye amekanyaga tu. Kulijaza kutahitaji kuanzia mbali, kwa risiti za zamani na kwa nani alituma nini, na si kazi ya mchana mmoja.

Wewe unayetaka kuweka lamineti, kabla hujatoa malipo ya kwanza mwambie fundi alaze rula mbele yako, sebule nzima, na umlipe siku hiyo hata kama hataweka ubao hata mmoja.