Punguzo Linatoka Mfukoni mwa Nani?

Mama mmoja Mkenya anayefanya kazi ya uuguzi huko Uingereza ametuletea swali ambalo huenda ukaliona dogo. Jumamosi moja yeye na mumewe waliingia katika duka la nguo kuukuu, yale yanayouza vitu vilivyotolewa bure na watu ili fedha ziwasaidie wenye shida. Akaona koti la baridi la kumfaa mumewe, limeandikwa pauni 12. Kama alivyozoea tangu utotoni, akasema, "Nipatie kwa saba." Bibi mzee aliyekuwa akiuza akawa mwekundu usoni, akatazama huku na huku, kisha akakubali. Mama alipogeuka, mumewe hakuwapo. Alikuwa nje barabarani, akijifanya anatazama mabasi. Siku tatu hawakuzungumza ila habari za watoto. Mama anauliza: "Nimekosa nini? Mbona tulipokuwa Nairobi alikuwa akinisifu kwa jambo hilo hilo?"

Ni kweli, hapa kwetu kupatana bei ni adabu. Nenda Gikomba ukalipe bei ya kwanza bila neno, na mwenye kibanda atakuona mgeni au mwenye majivuno. Yeye ametaja mia tano akijua mtamalizia mia tatu. Ile mia mbili aliiweka hapo kwa ajili ya mazungumzo. Mnataniana, unageuka kama unayeondoka, anakuita, "Kastoma, rudi!" Mali ni yake, bei ni yake, na akikataa hakuna wa kumlaumu.

Lakini hata Gikomba kuna mpaka, na tunauvuka mara nyingi kuliko tunavyokiri. Yule mama amenunua robota la kilo 45 likiwa limefungwa, bila kuona ndani. Akilifungua hukuta nguo chache za daraja la kwanza, zile wanazoziita kamera, na chini yake mashati yaliyochakaa kola. Hizo chache ndizo zitakazomrudishia mtaji, na pengine mtaji wenyewe ni mkopo wa chama. Sasa wewe unamjia jioni, mvua imeanza, unajua hajapata nauli, unamkamua mpaka anauza kwa hasara. Je, hapo mmepatana? Kitabu cha Mithali kinamjua mnunuzi wa namna hii, anayeikashifu bidhaa mbele ya mwenyewe kisha akajivunia njiani. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kununua kitu chini ya thamani yake kwaweza kuwa dhuluma sawa na kukiuza juu ya thamani yake. Aliongeza kuwa mnunuzi aliyefaidika sana anaweza kwa hiari yake kumwongezea muuzaji kitu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kufanya hivyo?

Turudi Uingereza. Shirika la Oxfam, lililoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942, ni miongoni mwa mengi yenye maduka ya namna hii. Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, ambacho wengi wetu tunakijua parokiani, kinayo pia huko. Nguo zisizouzika humo huuzwa kwa uzito, na baadhi hufika hapa kwetu kwenye marobota. Basi koti lile lile laweza kubishaniwa Gikomba bila aibu yoyote, na dukani kule likaleta aibu. Kwa nini?

Kwa sababu yule bibi mzee si mwenye mali. Mara nyingi mtu kama yeye ni wa kujitolea tu, halipwi hata senti, na bei si yake kuipunguza. Unapombana, unamlazimisha achague kati ya kukufurahisha wewe na kumtunza mtu asiyekuwapo, kama vile mgonjwa wa saratani au mwenye njaa. Tena, aliyetoa nguo akiwa mlipa kodi na ametia sahihi, serikali ya kule huongeza senti 25 kwa kila pauni iliyopatikana. Pauni 5 alizookoa mama yetu huenda ziliwapunguzia wenye shida pauni sita na robo.

Sisemi mtu asiulize kamwe. Kifungo kimekatika, zipu haifungi, waonyeshe kwa sauti ya chini, uulize kama msimamizi anaweza kupunguza, na jibu la kwanza liwe la mwisho. Kama kweli huna, sema kweli huna, si haya. Lakini usiseme, "Ninyi si mmepewa bure?" Neno hilo linaumiza.

Mama, hukuwa mwizi. Ulibeba desturi njema ukaipeleka mahali isipofaa, na ulifanya hivyo kwa ajili ya mumeo.

Sasa wewe baba. Ulijua desturi ya kule, nawe ulikuwa umesimama kando yake. Ungeweza kumgusa mkono ukasema, "Mama Fulani, hapa hawapatani." Badala yake ulimwacha peke yake mbele ya wageni, ukamwadhibu kwa kimya, ilhali miaka yote hiyo ulikula akiba ya ulimi wake. Na koti, mama anatuambia, unalivaa kila asubuhi kwenda kazini. Kwangu mimi kosa hili ni zito kuliko lile la pauni tano.

Mama anauliza pia kama arudishe zile pauni. Kama zipo, karibu na mahali pa kulipia mara nyingi huwa na kopo la michango, azitie humo. Waende wote wawili, na safari hii baba asingoje nje.