Tone Ulilokwisha Kuliona

Ndugu yangu msomaji, nataka kukuuliza swali moja. Mtu ana kitu chake chenye kasoro, na kasoro hiyo haijamdhuru mtu yeyote. Yeye anaijua, naye amenyamaza. Je, amekwisha kukosa, au atahesabiwa kuwa amekosa siku ile madhara yatakapotokea? Usinijibu upesi. Mimi nilijijibu upesi, kisha nikajuta.

Nilikuwa nikisomesha watoto Igawa. Huenda jina hilo hulijui, lakini mchele wa pande zile bila shaka umekwisha kuupika kwa nazi, kwani Igawa imo katika Wilaya ya Mbarali, nchi ya Usangu, na mpunga wa huko hutufikia pwani kwa jina la mchele wa Mbeya. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, karibu na mpaka wa iliyokuwa Iringa, ambayo upande huo leo ni Mkoa wa Njombe. Nilikuwa na pikipiki kuukuu, Yamaha iliyoundwa miaka ya 1970. Usiku nikiilaza katika ukumbi wa jirani yangu, mama mjane anayelea wajukuu. Mama huyu huamka kabla ya alfajiri, akawasha mkaa, akakaanga maandazi ya kuwauzia wasafiri.

Asubuhi moja niliona chini ya pikipiki doa kiasi cha shilingi. Niligusa, nikanusa: petroli. Ilikuwa ikitoka kwenye koki, kile kifungio kilicho chini ya tangi, chenye mikao mitatu: kufungua, kufunga na akiba. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche nikapaka pale palipolowa. Dawa hii kila mpanda pikipiki wa zamani aijua, kwa kuwa petroli haiondoi sabuni kama maji yaiondoavyo. Doa likakauka, nami nikaridhika.

Baada ya siku chache yule mama akaniuliza, "Sheikh, mbona ukumbini kwanuka petroli?" Nikamjibu, "Ni harufu tu, mama. Pikipiki zote ndivyo zilivyo." Tazama, msomaji, jinsi sabuni ilivyokwisha kutoka kwenye koki ikaingia katika ulimi wangu.

Haukupita muda, alfajiri moja nilimkuta amekaa kizingitini, jiko halina moto, na beseni la unga uliokwisha kuumuka liko kando yake. Akasema, "Leo sikuwasha, Sheikh. Harufu imenizidi, na watoto wamelala ndani." Kisha akaniangalia usoni akauliza, "Wewe ulikuwa unajua?"

Sikuwa na jibu. Hapakuwa na moto, wala hakuna aliyeungua. Lakini mbele ya swali lile nilijiona kama niliyeshikwa na kiberiti mkononi.

Nikaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mmoja kijana, aliye kando ya barabara. Kabla ya yote aliitoa uwanjani penye upepo, akamwambia aliyekuwa akivuta sigara asogee mbali. Akaimimina petroli yote katika dumu. Akaifungua koki, akauliza, "Sabuni hii nani kaipaka?" Nikasema, "Mimi." Akacheka kwa adabu.

Ndani ya koki mlikuwa na raba ndogo ya duara yenye matundu manne, na nyuma yake kibati chenye mawimbi kinachoisukuma ikae sawasawa. Raba ile ilikuwa imekakamaa kwa uzee, na kutu iliyotoka tangini ilikuwa imeichora mfereji. Fundi akanionyesha jambo nisilolijua. Koki ilikuwa ikivuja mara mbili: nje, pale nilipopaka sabuni, na ndani, kwani hata ilipofungwa ilikuwa ikipitisha petroli kidogo kidogo kwenda kwenye kabureta. Kabureta nayo ikijaa humwaga sakafuni, au petroli ikaingia katika injini. Kwa hiyo sabuni yangu iliziba pale panapoonekana, na usiku kucha petroli ikapita pale pasipoonekana.

Akausugua uso wa koki kwa msasa laini uliotandikwa juu ya kioo, ukawa sawa. Akasafisha chujio na kusuuza kutu ya tangi, akatia raba mpya, na nyingine pale koki inapokutana na tangi. Kisha akarudisha petroli kidogo, akaweka karatasi kavu chini, akatungoja katika mikao yote mitatu. Mwisho akachomoa mpira wa kupitishia mafuta, koki ikiwa imefungwa, atazame kama litatoka hata tone. Halikutoka. Bei ya raba zile haikufika bei ya kitoweo cha siku moja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wengi wetu tumezoea kupima kosa kwa madhara yake: nyumba ikiungua ni kosa, isipoungua hapana neno. Lakini kumbuka kisa cha yule mwuza nafaka wa sokoni Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu yake, vidole vikakuta umajimaji chini. Mwenye mali akasema kuwa ni mvua. Mvua haikuwa kosa lake. Alilaumiwa kwa kuificha nafaka iliyolowa chini ya kavu, watu wasiione. Vivyo hivyo raba yangu kuzeeka halikuwa kosa langu. Kosa langu lilianza asubuhi ile niliponusa kidole, nikajua, kisha nikaficha. Tangu saa ile usalama wa wale wajukuu ulikuwa amana shingoni mwangu, hata kama lisingetokea lolote.

Na usiseme kuwa tone ni dogo. Tone moja kila sekunde kumi ni matone 8,640 kwa siku moja. Wala petroli haingoji kuguswa na moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni mpaka ukalikuta jiko lililo mbali. Katika barabara hiyohiyo ipitayo Igawa, huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Dini yetu ilituusia zamani kuzima taa tunapolala, kwa kuchelea panya asije akauburuta utambi akaiunguza nyumba. Ikiwa panya na utambi vimetajwa, koki itaachwaje?

Atasema mtu, "Kila jambo ni kwa kadari." Kweli, lakini kadari huijui, na tone umeliona. Utahesabiwa kwa ulilolijua. Mwingine atasema, "Sina pesa ya raba." Huyu ana udhuru, tena wa haki, kwani wengi wetu tu katika hali hiyo. Lakini udhuru wake ni wa raba tu. Kuimimina petroli nje hakuhitaji pesa. Kuilaza pikipiki uwanjani hakuhitaji pesa. Na kumwambia jirani, "Mama, koki yangu inavuja, usiwashe moto karibu," hakuhitaji hata senti moja. Umaskini humsamehe mtu asiyetengeneza, haumsamehi anayenyamaza.

Jioni ile nilikwenda kwa yule mama na thamani ya unga na mafuta ya siku aliyoikosa. Alikataa kuipokea. Nikamwambia, "Mama, hii si sadaka, ni deni. Na deni kubwa zaidi ni lile jibu nililokupa. Nilikuwa najua." Alinyamaza kitambo, kisha akapokea, akasema, "Nimekusamehe, Sheikh. Lakini siku nyingine niambie." Haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, mpaka mwenyewe aridhike.

Basi ewe msomaji, usiku huu kabla hujalala, zunguka nyumbani mwako. Tazama mpira wa mtungi wa gesi, waya uliochunika, ubao wa mashua unaoingiza maji. Ulichokwisha kukiona, kitengeneze. Usipoweza, kiseme. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kusema kabla ya kuulizwa. Amin.